Eti alijitakia? Notifikesheni za brauza na lawama tunazombebesha mwenye simu

Juzi kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu, huku Kisumu upande wa Kondele, jirani alituma picha ya skrini yake: simu yako ina virusi 5, umeshinda zawadi, chukua mkopo sasa hivi, na hapo katikati msichana nusu uchi anakonyeza jicho. Akauliza kama kuna mtu anajua kutoa hizi vitu. Jibu la kwanza halikumaliza hata dakika: "Ukiona hivyo jua kuna mahali umekuwa ukiingia usiku." Watu wakacheka weee. Jirani akafuta picha, hakuna mtu alimsaidia, hata mimi nilimwandikia pembeni baadaye sana nikiwa naona aibu.

Nina saiba ndogo, watu huniletea simu na laptopu, na hilo jibu la grupu nalisikia kila wiki kwa namna moja ama nyingine. Zile kelele kwa kawaida ni notifikesheni za brauza, yaani arifa ambazo saiti hukutumia kupitia Chrome au Firefox ukishabonyeza Ruhusu. Ndio watu husema: Alijitakia. Alibonyeza Ruhusu mwenyewe, nani alimshika kidole? Wacha niipime hii maneno pande zote, ingawa sifichi, mizani yangu imeshainama kidogo.

Waliocheka hawajakosea yote. Ni kweli saiti haiwezi kukutumia notifikesheni bila ruhusa yako. Tangu Chrome ilete huo mfumo 2015 na Firefox ikafuata 2016, lazima kisanduku kitokee, kiulize, na wewe ubonyeze. Na ni kweli kuna njia ambazo kila mtu anajua ni chafu. Jumamosi jioni Arsenal inacheza, dikoda haijalipiwa, kijana anatafuta linki ya bure, linki inamfungulia kurasa tatu nne kabla mpira haujaonekana, kila moja na kisanduku chake, na yeye anabonyeza tu vyote kwa sababu kona inapigwa. Huyo akija kwangu Jumatatu simu inapiga kelele kama soko la Kibuye, namtengenezea na namwambia ukweli. Anajua. Hata halalamiki sana.

Lakini hao wa mpira sio wengi kati ya wanaokuja kwangu. Aliyenifanya nifikirie hii kitu vizuri ni mama mmoja anauza omena, mweka hazina wa chama chao. Aliingia akaweka simu kwa kaunta ikiangalia chini, akaniambia, "Kijana yangu, hii simu imeingiwa na pepo, na tafadhali usiigeuze mbele ya watu." Nikamwambia, "Haina shida mama, ingia huku ndani uketi." Kumbe mtoto wake wa Gredi 8 aliambiwa na mwalimu atafute mitihani ya zamani ya kufanyia marudio, akaazima simu ya mama, akaingia saiti inaahidi karatasi za bure, akabonyeza kitufe cha kupakua, na kitufe kikamtupa kwa ukurasa mwingine kabisa wenye picha ya roboti na maneno kwamba abonyeze Ruhusu kuthibitisha yeye sio roboti. Mtoto mtiifu akabonyeza. Kila siku simu inamwambia thibitisha, weka namba ya siri, kubali masharti, sasa hii ya roboti angeitofautisha na nini?

Hapo ndipo hoja ya alijitakia huanza kunichosha. Kile kisanduku kweli kinauliza kama unataka saiti ikutumie arifa, kimeandikwa, sikatai, lakini ukurasa ulio nyuma yake umeshakueleza kinamaanisha nini, na umekueleza uongo. Ni kama pale steji, manamba anakuapia hii inaenda Busia moja kwa moja, unapanda, unalipa, mkifika Maseno mnaambiwa mshuke. Nauli ulitoa mwenyewe, eh, lakini ulikubali safari gani?

Na ukienda kutafuta mkosaji humpati. Ukifungua orodha ya saiti zilizopewa ruhusa, ile ya mitihani haimo, kuna jina la ajabu tu lenye herufi zimetupwa ovyo, saiti ambayo mama hajawahi kuiandika wala kuisikia, kwa sababu aliyeomba ruhusa ni ule ukurasa wa roboti. Brauza ukiifunga, arifa bado zinakuja, na zinaonekana kama arifa nyingine zozote, na alama ndogo tu ya Chrome pembeni. Mtu anatafuta programu ya kufuta, programu yenyewe hakuna.

Kwangu ile picha ya msichana ndiyo ndogo kwa madhara yote. Yule mama alikuwa amezoea kufagia arifa zote kwa mkono mmoja bila kusoma, maana kwa siku alikuwa anapata labda arobaini. Sasa kati ya hizo arobaini kuna meseji za M-Pesa za wanachama, nazo zilikuwa zinafagiliwa pamoja na takataka, na wanawake wawili walisema wametuma mchango, yeye akasema hajaona kitu, wakaanza kuangaliana vibaya kwa mkutano. Hela zilikuwa zimefika. Alikuwa hata ameacha kubeba simu chamani akiogopa itatoa picha mbele ya watu. Mweka hazina bila simu, hebu fikiria. Na siku simu yenyewe itamwonya kwa ukweli kwamba kuna programu mbaya, unadhani atasoma? Ameshafundishwa kwamba onyo la virusi ni kelele.

Kabla aje kwangu alikuwa amepitia kwa fundi mwingine, akalipa mia nane simu ikaflashiwa, yaani ikafutwa yote ianze upya. Arifa zilitoka, ndio, na picha za kile kitabu cha chama ambazo alikuwa hajahifadhi mahali pengine zikatoka nazo, halafu wiki tatu baadaye mtoto akarudi kutafuta mitihani na tukawa pale pale. Ni kubomoa nyumba kwa sababu ya panya. Sisi watu wa saiba na mafundi tunapaswa kuambiana ukweli hapa, neno virusi linatulipa vizuri kuliko neno setingi.

Sasa namba. Mwaka 2019 Mozilla, wale wa Firefox, walitoa takwimu kwamba karibu asilimia 99 ya vile visanduku vya kuomba ruhusa havikukubaliwa, na asilimia 48 vilikataliwa waziwazi. Januari 2020 Firefox ikaanza kuvificha mpaka mtu mwenyewe abonyeze kitu kwa ukurasa, na Chrome ikaleta njia yake ya kuomba kimyakimya Februari mwaka huo huo. Hebu kaa na hiyo 99 kidogo. Watu tayari hawakubali. Yaani huyu mwananchi tunayemwita mjinga, anayebonyeza kila kitu, kwa wingi wake hasemi ndio. Na kama karibu kila mtu hasemi ndio kwa swali la kawaida, basi mwenye kutaka ndio nyingi lazima abadilishe swali, na hivyo ndivyo roboti alivyozaliwa. Sio ujinga uliozaa huo mtego.

Kuna namba nyingine mimi naipenda hata zaidi. Mwaka 2024 Chrome kwa Android ilianza kuweka kitufe cha kujiondoa hapo hapo juu ya arifa, unabonyeza mara moja saiti inanyamaza. Google wenyewe walisema kwa simu zao za Pixel zilizopata hicho kitufe, arifa zilishuka kwa asilimia 30. Hakuna semina iliyofanywa, hakuna mtu aliyeelimishwa, watu ni wale wale na vidole ni vile vile, mlango wa kutokea tu ulisogezwa karibu. Kama shida ingekuwa tabia ya watu, hiyo 30 ingetoka wapi? Na Oktoba 2025 wakaongeza kwamba Chrome itakuwa inaondoa yenyewe ruhusa za saiti ambazo huzitembelei tena, wakisema chini ya asilimia 1 ya arifa zote ndizo huguswa na mtu. Unaweza kuuliza, sasa mbona wanaendelea kutuma? Kwa sababu kutuma ni karibu bure. Mama wa omena akiita wateja mia na mmoja anunue, koo limeuma. Hawa koo haliumi.

Lakini kuna mwenye hoja nzito upande ule, na waliocheka kwa grupu hawakumtaja. Ni kijana namjua Nakuru, ana saiti ya nafasi za kazi na skolashipu, kazi ya mikono yake, hana ujanja wowote. Ananiambia Facebook inaonyesha posti zake kwa watu wachache, meseji za jumla zinalipiwa moja moja, kutengeneza programu ni hela, notifikesheni ya brauza ndiyo njia pekee ya kumfikia msomaji bila kumlipa mtu. Sasa kila mwaka brauza inakaza kamba. Anauliza, mkishazima zote, nani atabaki anaweza kugonga simu ya mtu? Wenye programu kubwa, na huyo huyo Google mwenye Chrome, mwenye Android, mwenye matangazo. Hiyo siwezi kuitupa. Brauza kuwa askari na pia mfanyabiashara kwa soko moja sio kitu cha kukupa usingizi. Ila nikamwonyesha saiti yake mwenyewe: kisanduku kinaruka kabla hujasoma hata mstari mmoja. Kaka, nilimwambia, hata wewe unaomba mkono wa binti kabla ya salamu. Alicheka, na bado hajabadilisha.

Kuhusu zile programu zenye matangazo nitapita haraka kwa sababu ni ugonjwa tofauti, ingawa watu huuchanganya. Kama tangazo linafunika skrini nzima na hujafungua brauza, hilo ni programu, mara nyingi torchi au kisafisha simu au kitu cha kupamba skrini, pengine imeficha hadi ikoni yake, na ukiflashi halafu urudishe programu zote kutoka akaunti yako, umeirudisha pia. Hapa ndipo alijitakia inaanguka kabisa. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwa duka lake kwa sababu ya matangazo sumbufu. Zilikuwa dukani, kwa mlango wa mbele, mahali tunaambia watu ni salama. Na Agosti mwaka huo huo kampuni ya usalama ya Upstream ikaripoti kwamba imekuta programu mbaya zinazoitwa Triada na xHelper kwa simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zikijaribu kuandikisha watu kwa huduma za kulipia bila wao kujua. Wenye Tecno walisema ni mtu fulani katika mnyororo wa usambazaji. Sawa, lakini aliyenunua simu mpya kwa boksi alikuwa ameingia wapi usiku?

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inasema ridhaa iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, mahususi na mtu awe anajua anakubali nini, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali unabebwa na anayechukua data zako. Na ukibadilisha nia unaruhusiwa kujiondoa. Hiyo inahusu data za kibinafsi, sio kila kengele ya simu, na sioni Kamishna wa Data akibisha hodi kwa saiti yenye jina la herufi ovyo isiyo na mwenyewe. Ila kipimo kiko pale, na kwa hicho kipimo yule mtoto wa Gredi 8 hakuridhia kitu.

Yule mama alirudi wiki iliyopita. Nilikuwa nimezuia kila saiti iliyokuwa kwa orodha bila kuchagua, kwa hasira, na kumbe humo ndani kulikuwa na ile ya redio inayomtumia matangazo ya matanga. Alikuwa amekosa mazishi ya mtu wa kwao Seme. Hakunigombeza, ila aliniangalia. Nikaomba msamaha, nikamwambia turudishe pamoja ili ajue njia: nukta tatu, moja, Mipangilio, mbili, Mipangilio ya tovuti, tatu, Arifa, nne, tafuta jina la redio, tano, Ruhusu, sita. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Mtoto alikuwa amesimama hapo nyuma na begi lake la shule, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile yeye alibonyeza mara moja tu.