Gari lililoegeshwa si betri ya bure
Kuna makala inayodai eti gari la umeme likiegeshwa ofisini linaweza kulisha jengo na mwenye gari asipoteze chochote. Hapo mwandishi karuka hatua. Umeme ukiingia kwenye betri na kutoka tena, sehemu yake huishia kuwa joto, mara nyingi zaidi ya asilimia 10, na kila mzunguko hula uhai wa betri kidogo. Faida ipo, ila si ya kuendesha jengo zima. Nashughulika na mitambo ya umeme ya majengo: bili ya mteja mkubwa mara nyingi huangalia pia kilele cha matumizi, yaani wastani wa juu kabisa wa dakika 15 au 30 tu ndani ya mwezi. Viyoyozi vyote vikiwashwa kwa pamoja asubuhi moja, mwezi mzima unakilipia kilele hicho. Magari machache yakitoa kilowati 7 kila moja kwa nusu saa hiyo, kinashuka. Kigumu ni ratiba: programu lazima ijue nani anaondoka saa ngapi, na watu (tuseme ukweli) hawasemi, au wanabadilisha. Halafu chaja ya kawaida hairudishi umeme. Inatakiwa ya pande mbili, na gari lenyewe likubali, kama Nissan Leaf. Nyinyi mngeruhusu betri ishushwe hadi asilimia ngapi mkiwa kazini?