Gemu Hii Iwekwe Kundi Gani?

Mwenye banda la gemu Majengo au Nkuhungu, hapa Dodoma, anaweza kumaliza siku nzima kwa makundi manne tu: mpira, ngumi, magari na vita. Mambo huharibika pale mtoto anapoomba mpira akafunguliwa Football Manager kwenye kompyuta. Humo hakimbii wala hapigi shuti. Anasajili, anapanga kikosi, kisha anatazama mechi ikijiendesha. Alikuja kushindana na mwenzake, kila mmoja na padi yake, sasa anasoma majedwali.

Kundi hilo limepangwa kwa mandhari, na ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka gemu zipangwe kwa kitendo cha mchezaji. Chukua Portal ya 2007. Unaona kwa macho ya mhusika, umeshika kitu kama bunduki. Kwa picha pekee utaapa ni gemu ya kufyatua risasi. Kumbe kifaa kile kinafungua matundu mawili ukutani, unaingia hapa unatokea kule, na kazi yote ni kufumbua fumbo la kila chumba. Anayetaka vita ataichoka upesi, na anayependa mafumbo hataiona kamwe ikikaa kwenye vita.

Kupima si kazi kubwa. Pita mafunzo ya mwanzo, maana hayo huonyesha kila kitu mara moja na hupotosha, kisha cheza dakika 10. Andika kitenzi kinachojirudia zaidi. Angalia ni kosa gani linalokuangusha: kidole kuchelewa, au uamuzi mbaya? Halafu angalia kama gemu inakungoja ufikiri au muda unakimbia wenyewe. Kamera na mandhari vije mwisho.

Upande wa pili hupanga kwa ukoo, yaani gemu inafuata mfano wa gemu ipi, nao hawakukosea. Doom ilipotoka 1993, gemu zilizofuata ziliitwa nakala za Doom kwa miaka kadhaa kabla jina la jumla la kufyatua risasi kwa macho ya mhusika halijazoeleka. Hata kwetu mtu akisema "nataka ya kama GTA" anaeleweka papo hapo: jiji la kuzurura, magari ya kupora, polisi nyuma yako. Kitenzi kimoja hakibebi yote hayo.

Tatizo la ukoo ni mipaka. Gemu za mfano wa Rogue, ya 1980, zilijadiliwa mno hata mwaka 2008 wapenzi wake wakakutana Berlin na kuorodhesha sifa zake: ramani inayozalishwa upya kila mara, kufa bila kurudi, kucheza kwa zamu na nyinginezo. Wenyewe walisema kukosa sifa chache hakuifukuzi gemu kwenye ukoo. Mwaka huohuo ikaja Spelunky, yenye ramani mpya na kifo cha moja kwa moja lakini ya kuruka na kukimbia bila zamu. Anayeipenda Rogue kwa sababu ya kutulia na kufikiri hatapata hicho humo.

Kitendo nacho kinakwama kwa San Andreas, gemu ya GTA ya 2004: kuendesha, kupiga risasi, kuogelea, hata kunyanyua vyuma. Hapo mabanda yana kigezo ambacho wachambuzi wengi wanakiruka, nacho ni jinsi gemu inavyoisha. Mpira hulipiwa kwa mechi kwa kuwa muda wake unapangwa kabla. Ngumi zina raundi. San Andreas kwenye PS2 haina kituo cha karibu: huwezi kuhifadhi ukiwa katikati ya misheni, lazima urudi kwenye nyumba yako, na memori kadi iwepo. Ukiiuza kwa dakika 15, mteja anakatwa misheni haijaisha na kazi yake inapotea, ugomvi unaanza. Kwa hiyo kwenye orodha ningeandika kitendo kwanza, ukoo pembeni yake, kisha inavyoisha: "kuzurura na misheni, kama GTA, kwa saa tu".