Gitaa la stili la kutengenezewa kwa oda: maoni ya wapigaji yana uzito gani?

Wapigaji wengi wakiulizwa kuhusu gitaa la stili la pedali walilotengenezewa kwa oda, huanza na sauti: ni tamu, ni nene, inaimba. Wachache huanza na magoti yao, au na uzi wa sita ambao haurudi mahali pake. Anayefikiria kuagiza gitaa la namna hiyo awasikilize kwanza hawa wachache, kwa sababu wanachokisema kinaweza kupimwa.

Stili hulazwa juu ya miguu minne, na mpigaji hukaa nyuma yake akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kumi. Chini ya ubao kuna mtambo kamili: pedali za mguu na nyenzo za magoti huzungusha vyuma vya mhimili, navyo huvuta fimbo nyembamba hadi kwenye chenja, sehemu inayokaza au kulegeza kila uzi. Nusu ya ubora wa ala hii basi ni ufundi wa mashine.

Kutengeneza kwa oda si anasa iliyozuka juzi. Mwaka 1948 mpigaji Speedy West alikuwa tayari anapiga stili ya pedali iliyotoka mikononi mwa Paul Bigsby wa California, fundi aliyetengeneza gitaa mojamoja kwa mpigaji mmojammoja. Mwaka 1954 mpigaji Bud Isaacs alisikika katika wimbo wa mwimbaji Webb Pierce akipandisha nyuzi kwa pedali huku noti zikiendelea kulia, na wapigaji wa Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, wakataka mtambo kama huo. Tangu hapo kila bingwa aliongeza lake. Hadi leo mpangilio wa noti za nyuzi uitwao E9 una kambi mbili, kila moja ikifuata mpigaji mashuhuri: wanaofuata Buddy Emmons hupanga pedali A, B, C kutoka kushoto, na wanaofuata Jimmy Day hupanga C, B, A. Ala ambayo haijawahi kukubaliana hata juu ya mpangilio wa pedali tatu haiwezi kumtosha kila mtu ikitoka dukani ilivyo.

Hapo ndipo hoja ya wanaosifu oda ina nguvu. Mtu mwenye mapaja marefu akikalia stili ya kawaida hubanwa na nyenzo hata kabla ya kuzigusa. Fundi akipewa urefu wa kiti, unene wa paja na umbali wa goti hadi sakafuni, anaweza kuinua gitaa inchi moja au mbili, akarefusha miguu na fimbo za pedali, na kuziweka nyenzo mahali ambapo goti linazifikia bila kiuno kujipinda. Vivyo hivyo kwa mpangilio wa noti: yupo anayetaka goti lishushe nyuzi za E hadi D#, yupo anayetaka goti hilohilo lizipandishe hadi F. Anayepiga saa nne mfululizo ataisikia tofauti mgongoni kabla ya kuisikia masikioni.

Malalamiko ya "pedali ngumu" yapokelewe kwa tahadhari. Mara nyingi tatizo ni tundu ambalo fimbo imechomekwa. Fimbo ikiwekwa kwenye tundu la belikrenki (mkono mdogo uliofungwa kwenye chuma cha mhimili) lililo mbali na mhimili, pedali husafiri kidogo lakini huwa nzito. Ikiletwa karibu, huwa laini lakini mguu husafiri zaidi. Chukua pedali C, inayopandisha uzi wa nne kutoka E hadi F# na wa tano kutoka B hadi C#. Matundu yasipochaguliwa vizuri, uzi mmoja hufika mapema na mwingine hubaki nyuma, na mteremko wote husikika umepinda. Hilo hurekebishwa kwa kuhamisha fimbo na kukaza upya nati za nailoni zilizo mwisho wa gitaa. Mtu aliyelikataa gitaa kwa sababu hiyo amekataa marekebisho ambayo fundi angeyafanya kwa muda mfupi.

Kuhusu sauti yenyewe, sikatai kwamba mbao ngumu ya mepo, shingo ya alumini au ya mbao, na ganda la fomaika au vanishi vina mchango. Ninachokataa ni uhakika wa wanaosema wameusikia mchango huo. Pikapu, yaani kinasa mlio wa nyuzi, yenye koili moja iliyozungushwa hadi ukinzani wa kiloomu 17 au 18 hutoa sauti tofauti kabisa na ile ya koili mbili. Pedali ya kuongeza na kupunguza sauti nayo hupunguza makali ya juu. Amplifaya na umri wa nyuzi huongeza yao. Mpigaji aliyepokea gitaa jipya lenye pikapu mpya na nyuzi mpya, kisha akasema ubao ndio unaoimba, hana namna ya kujua hivyo. Badili pikapu kwanza ndipo uuhukumu ubao.

Vipimo viwili vina faida kuliko sifa zote hizo, na vinahitaji tu kifaa cha kupimia noti chenye kuonyesha senti, yaani sehemu moja ya mia ya nusu toni. Cha kwanza ni kuzama kwa mwili. Piga uzi wa nne (E) bila pedali, soma kipimo, kisha kanyaga A na B pamoja huku uzi ukilia. Pedali hizo hazigusi E, lakini nguvu ya kuvuta nyuzi nyingine hukunja mwili kidogo na E hushuka. Senti mbili au tatu ni jambo la kawaida. Ikishuka senti nane au kumi, koradi (noti kadhaa zinazolia pamoja) itasikika chafu, hasa kwa wapigaji wanaoteremsha nyuzi za G# kama senti 14 chini ya kipimo sawia, yaani kile kinachogawa nusu toni zote sawasawa, ili koradi itulie. Kwao kosa la E linaongezeka juu ya hesabu iliyokwisha kupangwa.

Cha pili ni kurudi. Uzi wa sita, G#, ushushwe kwa goti hadi F#, uachiwe, upimwe. Kisha kanyaga pedali B uupandishe hadi noti A, uachie, upime tena. Vipimo viwili vikitofautiana, kuna msuguano mahali fulani: rola ambayo uzi hupita juu yake upande wa vigingi haizunguki, au vidole vya chenja, vipande vinavyoshika ncha za nyuzi, vimekauka mafuta. Anayetumia uzi wa sita uliozungushiwa waya ajue unahitaji mvuto mrefu kuliko uzi mtupu wa unene wa inchi .020, kwa kuwa kiini chake ni chembamba. Chenja isiyo na nafasi ya kutosha haitafika F#.

Jambo jingine linalotupiwa lawama isivyo haki ni kukatika kwa uzi wa tatu. G# hiyo ikipandishwa hadi A (hezi 440) kwenye urefu wa inchi 24, waya unakaribia mwisho wa nguvu zake, na uzi mnene zaidi hausaidii kwa sababu mkazo kwa kila milimita ya eneo haupungui. Kwa inchi 25 mkazo huo huongezeka kwa zaidi ya asilimia nane. Anayeagiza urefu huo kwa kufuata mlio mrefu wa besi anajinunulia pia nyuzi za tatu za akiba.

Upande wa pili una hoja nzito, na wanaosifu huiruka. Gitaa la fundi mmoja lina vipuri vya fundi mmoja. Kidole cha chenja kilichokerezwa kwenye karakana yake hakiingii kwenye stili nyingine, na siku akistaafu, skrubu yenye meno yasiyo ya kawaida inatosha kulilaza gitaa. Kuuza pia ni shida: mpangilio uliotoshea magoti yako utamchosha mnunuzi. Na anayeanza, ambaye hajajua kama anataka Emmons au Day, analipia maamuzi atakayoyabadilisha ndani ya mwaka.

Kwa hiyo oda namshauri aliyekwisha kuchoshwa na jambo mahususi kwenye gitaa alilonalo na anaweza kulitaja. Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, adai karatasi inayoonyesha kila fimbo iko tundu gani kwenye belikrenki na kwenye chenja, pamoja na vipuri vya akiba: vidole viwili vya chenja, belikrenki nne, springi za kurudisha na nati kumi za nailoni. Aombe pia nafasi ya wenzo mmoja zaidi iachwe wazi chini ya ubao, mabano yakiwa yamekwisha kutobolewa, maana kutoboa ubao uliokwisha kupakwa vanishi ni kazi ambayo fundi wengi huikataa.