Nyumba ya vyumba sita na kijumba cha mgongoni

Juzijuzi asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya mlango wangu huku jua la Arizona likianza kupasha changarawe, mdogo wangu wa Moshi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alikuwa ameiona picha niliyoiweka kwenye kundi la familia: pikapu yangu, kijumba kilichobebwa mgongoni mwake, na sufuria ya ndizi ikichemka juu ya jiko la gesi. Alianza kwa salamu zote kama tulivyolelewa, akauliza hali ya magoti yangu, akauliza watoto, na mwishoni ndipo alipolitoa lile lililomfanya arekodi: "Dada, watu wanauliza. Una nyumba ya vyumba sita hapa Marangu, ina vigae, ina umeme, ina maji ya bomba. Kwa nini unalala kwenye gari kama utingo?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lenyewe ni refu, na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza, naliandika hapa kwa utulivu.

Mahali nilipo panaitwa Quartzsite, mji mdogo wa jangwani karibu na mpaka wa Arizona na California. Wakazi wake wa kudumu ni elfu chache tu, lakini majira ya baridi yakifika hujaa wastaafu wanaoikimbia theluji ya majimbo ya kaskazini na ya Kanada, wakiwa na magari ya kulala ya kila namna: yenye ukubwa wa basi, ya kukokotwa kama tela, na haya madogo kama langu, ambayo ni chumba kimoja kinachokaa juu ya bodi ya pikapu na kinachoweza kushushwa kwa jeki nne likabaki gari tupu la kwendea sokoni. Ninapokaa ni ardhi ya umma iitwayo La Posa, chini ya idara ya serikali kuu inayosimamia ekari zipatazo milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi. Kibali cha kukaa hapa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 nililipia dola 180. Nje ya maeneo maalumu kama hili, katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu anaruhusiwa kulala bure kwa siku 14, kisha anasogea mbele.

Siku nilipofika, mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa kwenye kibanda cha kuingilia alinipa stika ya kubandika kwenye kioo, akanionyesha bomba la maji na mahali pa kumwaga maji taka, akanitakia siku njema. Hakuniomba barua ya serikali ya mtaa. Hakuuliza mimi ni wa ukoo gani, nimekuja kwa nani, wala mume wangu yuko wapi. Nilibaki ndani ya gari dakika kadhaa nimeishika ile stika, kwa sababu nilikuwa na miaka 66 na ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kulala mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumweleza kwa nini nimelala hapo.

Sasa niseme habari za nyumba, maana ndiyo kesi yenyewe. Marehemu mume wangu nami tulianza kuijenga mwaka 2003 tukiwa Minnesota, yeye akifanya kazi ghalani mchana, mimi nikiwahudumia wazee usiku katika nyumba ya kuwatunzia. Ninyi mliowahi kujenga kwa simu mnayajua yote, sina haja ya kuwasimulia habari za fundi, nondo na mchanga. Ilituchukua miaka kumi na moja. Nikijumlisha likizo zetu zote, tulilala ndani yake sisi wawili siku zisizofika 90. Usiku pekee ambao vyumba vyote sita vilijaa watu, hata korido ikatandikwa magodoro, ulikuwa usiku wa msiba wake, mwaka 2016. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka sebuleni, kina mama wakiimba nje, nikawa naitazama dari ambayo rangi yake tulibishania miezi mitatu, na hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tumejenga nini. Tulikuwa tumejenga mahali pa matanga. Sebule pana ili wafiwa wapate pa kukaa, uwanja wa kutosha maturubai mawili, choo cha nje kwa ajili ya umati, njia iliyopanuliwa ili gari la jeneza lipite bila kukwaruza migomba. Kila kitu kilifanya kazi yake vizuri kabisa siku ile. Tangu hapo ni mlinzi na kuku.

Nasikia tayari mtu akisema: huyu mama amekaa Marekani, sasa anadharau nyumba za watu. Sidharau. Katika kihamba kile, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, amelala mume wangu, na baba yake, na baba wa baba yake, na mimi nitalazwa hapo hapo. Maelekezo yako kwenye droo iliyo chini ya kitanda changu cha humu garini, pamoja na namba za viongozi wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Naijua thamani ya Desemba, magari ya wanaorudi nyumbani yakiongozana tangu Segera mpaka Himo, watoto waliozaliwa Dar es Salaam wakitambulishwa kwa bibi ambaye wanamwona mara moja kwa mwaka. Ninalolikataa ni kitu kimoja: kwamba mzee wa kwetu akishapata haki yake ya kustaafu, kazi pekee iliyobaki kwake iwe kuandaa mahali pa msiba wake mwenyewe na kupalinda.

Mtazameni huyu mdogo wangu anayeniuliza. Alifundisha jiografia miaka 34. Alilichora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa chaki ya buluu mwaka baada ya mwaka, akawaambia watoto wa watu kwamba kina chake ni mita 1,470 na kwamba duniani ni Baikal peke yake linalolizidi, na wanafunzi wake wamefaulu, wengine sasa ni wahandisi. Yeye mwenyewe hajawahi kuliona. Alipostaafu akiwa na miaka 60, nilitumaini kwamba sasa atakwenda. Kiinua mgongo kilipotoka (na habari za kikokotoo, ile hesabu ya mafao, tuziache, kila mmoja ana kidonda chake) alinunua matofali. Baada ya matofali yakaja mabati, baada ya mabati uzio. Sasa ana miaka 63 na sukari, na anaulinda uzio. Hakuna aliyemlazimisha, lakini pia hakuna hata mtu mmoja katika ukoo, nikiwemo mimi, aliyewahi kumwambia: mwalimu, acha matofali, panda treni.

Huku nimeishi na majirani waliofanya kinyume chake. Waliuza nyumba, wakanunua gari, wakaanza kuzunguka nchi yao. Nilikuwa nikiwaona wazee hao barabarani miaka yote nikiwa kazini, nikidhani ni matajiri. Baadaye nikapiga hesabu. Chumba changu cha kupanga kilinitoza dola 1,450 kila mwezi. Pikapu na kijumba chake, vyote vilivyokwisha kutumika, vilinigharimu dola 31,000, yaani kodi ya chini ya miaka miwili. Nilipotimiza miaka 62 nililipa dola 80 kwa ile kadi ya wazee ya kuingilia hifadhi za taifa. Ni ya maisha, na hata sisi wenye ukaazi wa kudumu bila uraia tunaruhusiwa kuwa nayo, na katika kambi nyingi za serikali kuu inanipunguzia nusu ya ada.

Sikuanza bila kuumia. Aliyeniuzia gari la kwanza aliniapia kwamba pikapu ile ingebeba kijumba chochote. Ukifungua mlango wa dereva kuna karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, imeandikwa uzito wa mwisho ambao gari linaweza kubeba, na ya gari lile ilisema kilo 1,000. Kijumba kitupu kilikuwa na kilo 900. Jaza lita 110 za maji, ambazo ni kilo 110, ongeza mitungi ya gesi, betri, vyakula, nguo na mimi mwenyewe, maana dereva naye anahesabiwa, na tayari umevuka. Niliuza kwa hasara nikanunua gari lenye mgongo imara zaidi. Anayetaka kuifuata njia hii aisome kwanza karatasi ile, kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji.

Lakini katika jambo la maji hakuna wa kunifundisha. Humu ndani kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo, na mwenye gari huhama pale moja linapokauka au jingine linapojaa. Majirani zangu humaliza maji kwa siku tatu au nne. Mimi nakaa siku kumi na mbili. Wananiuliza siri, nami nawaonyesha ndoo na kopo. Msichana aliyepanda kutoka mfongo, mfereji wetu wa maji wa asili, na ndoo kichwani kila alfajiri, bila kumwaga kwa sababu akimwaga atarudi, hahitaji kipimo cha kielektroniki kumwambia lita tano zinatosha kuoga. Wamarekani watatu sasa wanaoga kwa kopo kwa sababu yangu, na najivunia hilo kuliko nilivyowahi kujivunia vigae vya Marangu. Umeme natoa juani kwa paneli mbili za sola. Tangu Oktoba sijakatikiwa hata usiku mmoja, na ninyi mnaelewa maana ya sentensi hiyo.

Msidhani naipamba Marekani. Si kila mzee aliyeko humu jangwani amechagua. Kuna aliyeshindwa kodi baada ya mkewe kufariki, na kuna mama mmoja mwenye miaka 78 anayelala kwenye gari dogo la abiria akiwa amekunja miguu, katika nchi yenye utajiri huu, na hakuna ndugu anayeona aibu. Hilo linanikasirisha kila ninapolipita gari lake kupeleka uji. Sisi majirani sita tumewekeana kanuni: kila mtu afungue pazia kabla ya saa tatu asubuhi, na lisipofunguka, jirani agonge mlango. Wao waliona ni wazo zuri sana. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu Marangu pazia halihitajiki. Kabla ya saa moja mtu amekwisha kupiga hodi kuomba moto, na usipoitika anaingia.

Katika makaburi ya mji huu kuna piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Hapo amezikwa Hadji Ali, mtu wa himaya ya Uthmaniya, aliyeletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na jina hilo ndilo lililoandikwa kaburini. Alifariki mwaka 1902. Nilisimama pale muda mrefu, nikiwaza ni nani aliyewapelekea habari watu wa kwao. Kwa hiyo anayesema nimesahau nitakapozikwa anakosea. Nimelifikiria jambo hilo kuliko wengi waliobaki nyumbani.

Kuna wengine watasema kwamba huu ni uzungu tu, kwamba mzee wa Kiafrika hazururi. Nawaomba wasimame Himo siku yoyote ya Julai watazame magari yanayopita, yale yanayokodishwa Arusha yakiwa na hema juu ya paa. Ndani yake wamo wazee wa umri wangu, Wajerumani na Waholanzi, wanakwenda kuiona nchi ambayo mdogo wangu aliifundisha. Ada ya hifadhi anayolipa raia wa Tanzania ni ndogo mno ikilinganishwa na yao. Barabara ni zetu, ziwa ni letu. Lakini mimi nikiegesha pikapu yangu Himo nilale humo usiku mmoja tu, kabla ya saa nne mjumbe atakuwa amefika, na mgambo, na shemeji yangu akiwa ameshika kichwa, na kesho yake kijiji kizima kitajua kwamba mjane wa fulani amefukuzwa au amerukwa na akili. Wenzangu, upendo huu unaojua kila mtu amelala wapi ndio ule ule unaotuzuia kulala mahali pengine. Ninauhitaji, na unanichosha, na sijui namna ya kuuchukua nusu.

Mtauliza basi kwa nini nisirudi moja kwa moja. Bima ya wazee ya huku, niliyoanza kuipata nikiwa na miaka 65, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani, na magoti yangu yanahitaji daktari. Hiyo ndiyo sababu, haina siri yoyote.

Kibali changu kinaisha Aprili 15. Gari nitaliacha kwa binti yangu, na mwezi Juni nitakuwa Marangu, nitafungua madirisha ya vyumba vyote sita, nitasafisha kaburi. Kisha nimemwambia mdogo wangu kwamba tutapanda basi hadi Singida, hadi Tabora, na kutoka Tabora tutachukua treni ya Kigoma, na nauli zote mbili ni zangu. Alinyamaza siku mbili. Nilidhani nimemkosea heshima mbele ya mkewe. Jana usiku ukaja ujumbe mwingine, mfupi, bila hata salamu, jambo ambalo si kawaida yake. Anauliza kama ziwa huanza kuonekana kutoka dirishani kabla treni haijafika stesheni, na kama ni hivyo, akae upande gani.