Picha ya mlinganyo si mlinganyo

Tovuti nyingi za shule, hapa Dodoma na kwingineko, zinaweka maswali ya hesabu kama picha. Nasema tuache. Picha inakula bando, ukiikuza inakuwa na ukungu, haitafutiki, na programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona haina cha kusoma pale ikiwa hakuna aliyeiandikia maelezo.

Najua walimu wanakimbilia picha kwa sababu alama huharibika. Ila namna zilivyoharibika ndiyo inayokuonyesha pa kurekebisha. Ukikuta âˆš mahali pa √, hakuna kilichopotea. Kipeuo hicho katika UTF-8, usimbaji (yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) unaotumika zaidi mtandaoni, ni baiti tatu, E2 88 9A, na kivinjari kimezisoma kama herufi tatu za Windows-1252, usimbaji wa zamani. Hifadhi faili kwa UTF-8, weka <meta charset="utf-8"> ndani ya baiti 1024 za mwanzo. Bado? Kagua Content-Type, maelezo ya aina ya faili yanayotumwa na seva pamoja na ukurasa. Ikitaja usimbaji mwingine, hiyo ndiyo inayofuatwa.

Kiboksi kitupu mara nyingi maana yake fonti ya simu haina umbo la alama hiyo. Alama ya kuuliza ya kawaida ni msiba zaidi, kwani herufi yenyewe imeshatupwa njiani, aghalabu kwenye kanzidata, na itabidi uiandike upya. Kwenye kanzidata ya MySQL tumia usimbaji wa utf8mb4: ile utf8 ya zamani inaishia baiti tatu, na 𝑥 ya mlazo inayonakiliwa kutoka Word ina nne.

Kuna na hili: ukiandika a<b na b>c moja kwa moja kwenye HTML, msomaji anaona "ac" tu, c ikiwa imekolezwa, kwa kuwa kivinjari kimedhani katikati pale pana tagi. Andika &lt;.

Sehemu na vipeuo virefu viandikwe kwa MathML, yaani tagi za kuandikia hesabu kwenye ukurasa wa wavuti. Chrome inaionyesha tangu toleo la 109 la mwaka 2023, na Firefox na Safari zilitangulia.

Wanaoweka Kisandawe cha Chemba na Kondoa mtandaoni wana tatizo hilohilo. Vidoko vyake, yaani sauti za kugonga ulimi, wanaisimu huviandika ǀ, ǁ na ǃ, nazo ni herufi kamili: U+01C0, U+01C1 na U+01C3. Wengi wanabonyeza ! ya kibodi kwa kuwa zinafanana machoni. Kompyuta inaihesabu hiyo kuwa alama ya mshangao, hivyo neno linaweza kukatwa katikati mstari unapoisha, na anayelitafuta kwa herufi sahihi halipati.