Mtangazaji, wifi yangu si mvivu

Juzi nimo ndani ya gari ya Fuoni, imejaa hadi mlangoni, na dereva kafungulia redio. Kipindi cha afya. Mtangazaji anasoma "utafiti wa Ulaya" kuhusu watu wanaochoka miaka bila sababu kuonekana, na dawa yake ni moja: waamke, wakimbie, waache kujidekeza. Abiria wakacheka. Kijana mmoja akasema kwao Pemba wagonjwa hao wamejaa, hasa msimu wa kuchuma karafuu. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, maana nilishaanza kubishana na spika.

Mazoezi sina ugomvi nayo. Mwenye sukari atembee, mwenye presha atembee, na mie mwenyewe kitambi kinanidai. Lakini ugonjwa wa uchovu sugu una tabia moja ambayo vyombo vya habari huiruka kila mara: mgonjwa akijitumikisha, analipa. Tena halipi papo hapo. Leo kafua nguo mbili, kesho au keshokutwa ndipo anapoanguka: viungo vinauma, mwanga unamkera, maneno yanampotea mdomoni. Analala, na usingizi wenyewe haumpumzishi. Mtu huyo ndiye unayemwambia akimbie?

Najua lilikotoka hilo la kukimbia, maana kila baada ya miaka michache linafufuliwa. Ni utafiti wa Uingereza uitwao PACE, wagonjwa 641, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011. Magazeti ya kule yalishangilia. Sasa tazameni walivyopima. Mgonjwa alipewa alama za uwezo wa mwili, 0 hadi 100. Ili aingie kwenye utafiti, yaani akubalike kuwa anaumwa, alama zake zisizidi 65. Ili ahesabiwe amepona kwa kipimo hicho, mwanzo walipanga afike 85. Baadaye wakashusha: 60 inatosha. Yaani unaingia na 65, unadhoofika hadi 60, na kwa kipimo hicho hongera, umepona! Muuza sukari wa Darajani akiwa na mizani hiyo, hafiki adhuhuri watu hawajamzunguka.

Kwa mizani hiyo ndiyo wakatangaza mwaka 2013 kuwa kiasi cha wagonjwa 22 kwa kila 100 waliopewa mazoezi ya kupandishwa kidogo kidogo, au tiba ya mazungumzo, walipona. Mgonjwa mmoja wa Australia akaomba takwimu zenyewe, chuo kikuu cha watafiti hao kikamkatalia, na mwaka 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe. Zilipohesabiwa kwa kipimo cha mwanzo, waliopona hawakufika hata 10 kwa 100, na tofauti yao na waliopata huduma ya kawaida tu haikuwa na uzito wa kitakwimu, yaani huenda ni bahati tu. Yale magazeti yaliyoshangilia? Mengi kimya. Mwaka 2011 huo huo yalikuwa na nafasi tele ya kusimulia jinsi wagonjwa wanavyowatisha watafiti. Vitisho ni vibaya, sitetei. Lakini inakadiriwa robo ya wagonjwa hawa hawatoki nyumbani au kitandani, na hao hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Na si jambo jipya. Mwaka 1955 watumishi zaidi ya 200 wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua maradhi ya namna hii. Mwaka 1970 madaktari wawili wakaandika kuwa ilikuwa ni mihemko tu, bila kumpima mgonjwa hata mmoja. Moja ya hoja zao: wengi walikuwa wanawake. Ahsanteni sana.

Nitoe haki, kwa shingo upande: aliyeufukua utafiti wa PACE mwaka 2015, David Tuller, naye ni mwandishi wa habari. Kumbe inawezekana kusoma jedwali kabla ya kuandika kichwa cha habari. Na NICE, taasisi ya huko huko Uingereza inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, iliyafuta mazoezi hayo kwenye mwongozo wake Oktoba 2021. Khabari hiyo bado iko baharini, haijafika studio zetu.

Wifi yangu yuko Wete, mwalimu wa skuli. Aliugua homa, homa ikaondoka, yeye hakurudi. Kila karatasi ya vipimo ilitoka safi, na huo usafi ndio ukawa ushahidi dhidi yake. Mganga alisema kijicho, akamnywesha kombe. Cheka utakavyo, lakini mganga aliamini kwamba anaumwa. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyemwekea ndoo mlangoni: "Mwanangu, inuka ukateke maji, hata redioni wamesema." Akaenda, kwa heshima. Ijumaa aliteka maji, Jumapili alikuwa akilishwa uji. Mama si mkorofi. Ni msikilizaji mzuri tu.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukirudia mada hii mtafute mgonjwa. Mpigie jioni, muache azungumze akiwa amelala, na usizidishe dakika kumi, kwa sababu atakayezilipia ni yeye. Akishindwa siku hiyo, tupigie taarabu. Haitomdhuru mtu.