Filamu Inayokatisha Tamaa Ina Kosa Gani?

Jumapili ya tarehe 20 Novemba 1983, Wamarekani wapatao milioni 100 walikaa mbele ya televisheni kuutazama mji wa Lawrence, Kansas, ukiangamizwa kwa makombora ya nyuklia. Filamu yenyewe ilikuwa The Day After ya mwongozaji Nicholas Meyer, na kituo cha ABC kilijua kimebeba nini. Makampuni mengi yalikataa kuweka matangazo yao, na baada ya makombora kuanguka hapakuwa na tangazo lolote hadi mwisho. Namba za simu za ushauri nasaha ziliandaliwa kwa watakaoshindwa kuvumilia. Miezi kumi baadaye, tarehe 23 Septemba 1984, BBC ikaonyesha Threads, iliyoandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson. Safari hii mji ulikuwa Sheffield, Uingereza, na mtazamaji hakuhurumiwa hata chembe.

Watazamaji waligawanyika tangu usiku ule, na mgawanyiko huo unaonekana kila filamu hizi zinaporudishwa hewani. Wapo wanaosema ndizo zilizowafumbua macho. Wapo wanaouliza: unamtisha mtu kiasi hicho ili afanye nini?

Nianze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wapenzi wa filamu hizi wanavyopenda kukiri. Mara tu The Day After ilipomalizika, ABC iliendesha mjadala ukiongozwa na mtangazaji Ted Koppel. Walikuwepo mwanasayansi Carl Sagan, Robert McNamara aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, mwandishi Elie Wiesel, mwandishi mhafidhina William F. Buckley na Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani. Sagan alisema hali halisi ingekuwa mbaya kuliko ile iliyoonyeshwa. Kissinger akakereka. Idadi ya watakaokufa, alisema, inajulikana kwa miaka thelathini sasa. Kuigeuza kuwa picha za kutisha kunatusaidia nini, na je, sera za nchi zitungwe kwa kujitia hofu?

Unaweza usimpende Kissinger (sababu zipo tele), lakini swali lake halijibiwi kwa kumchukia. Filamu haikusema nani alirusha kombora la kwanza wala njia ipi ingezuia vita. Kwa hiyo kila mtu aliondoka na alichokuja nacho. Aliyetaka silaha zipunguzwe aliona sababu ya kuzipunguza. Aliyeamini kwamba adui huzuiwa kwa silaha tu, aliona sababu ya kuziongeza. Watafiti waliowahoji watu kabla na baada ya kuitazama walikuta misimamo haikusogea sana.

Mfano bora wa jambo hili ni mtazamaji mmoja aliyeiona mapema, tarehe 10 Oktoba, akiwa Camp David, mahali pa mapumziko ya marais wa Marekani: Rais Ronald Reagan. Aliandika kwenye shajara yake kwamba filamu ilikuwa na nguvu na ilimwacha na huzuni kubwa. Sentensi hiyo inanukuliwa kila mahali. Inayosahaulika ni nyingine iliyokuja mistari michache baadaye, kwamba lazima Marekani ifanye kila iwezalo iwe na silaha za kumzuia adui na kuhakikisha vita vya nyuklia havitokei kamwe. Vyote viwili katika ukurasa mmoja! Siku mbili baada ya filamu kurushwa, bunge la Ujerumani Magharibi lilipiga kura kuyapokea makombora ya Marekani aina ya Pershing II. Huzuni ya rais haikuyazuia kupelekwa.

Kwa hiyo mimi sina haraka ya kuipa The Day After sifa ya mkataba wa makombora ya masafa ya kati kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, uliotiwa saini Desemba 1987. Kati ya filamu na mkataba alikuja Gorbachev, kiongozi mpya wa Kisovieti, ikaja ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, yeye na Reagan wakakutana Geneva na Reykjavik. Na kama filamu ndiyo iliyouzaa mkataba, basi ilishindwa kuulinda: Marekani ilijitoa tarehe 2 Agosti 2019, ikiituhumu Urusi kuuvunja, na mkataba ukafa bila kelele nyingi za umma.

Hadi hapo Kissinger anaongoza. Lakini kipimo alichokichagua ni cha mwanasiasa: umebadilisha sera, au hukubadilisha? Filamu ina kazi nyingine pia, na hapo Threads inasaidia kuliko ile ya Marekani.

Mick Jackson amesimulia kwamba alizoea kupigiwa simu na marafiki kila kazi yake inapoonyeshwa. Usiku ule simu haikulia. Baadaye alielewa kwamba watu walikuwa wamekaa tu, hawana la kusema, wengine hawakulala. Mpinzani atadaka hapo hapo: si unaona, umewalemaza. Ila inafaa kuangalia watu hao walikuwa wakiambiwa nini kabla ya hapo. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilitoa kijitabu kilichowafundisha raia kung'oa milango na kuiegemeza ukutani iwe kibanda cha kujifichia, kupaka vioo vya madirisha rangi nyeupe, na kuweka chakula cha siku 14. Siku kumi na nne! Ujumbe uliojificha ndani yake ni kwamba siku ya kumi na tano utatoka nje, ukung'ute vumbi, maisha yaendelee.

Threads inaifuata siku hiyo ya kumi na tano na kuendelea nayo kwa miaka kumi na tatu. Maofisa waliowekwa kuusimamia mji wamenaswa kwenye chumba chao chini ya jengo la halmashauri, wanagombana juu ya chakula mpaka wanafia humo. Hospitali haina maji wala dawa. Jua linafichwa na moshi, mavuno yanaharibika, wenye nguvu za kulima wanapungua. Watoto waliozaliwa baada ya bomu wanazungumza maneno yaliyokatika katika, kwa kuwa hakuna aliyebaki na muda wa kuwafundisha. Maandishi kwenye skrini yanaeleza kwamba huenda Uingereza imebaki na watu kati ya milioni 4 na milioni 11. Haya hayakuokotwa njiani: nyuma yake kulikuwa na utafiti wa wakati ule, ukiwemo ule wa akina Sagan uliotoka katika jarida la Science Desemba 1983, kuhusu moshi wa miji inayoungua na baridi kali itakayofuata.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaolalamika kwamba filamu inakatisha tamaa. Ndiyo, inakatisha, lakini tamaa inayoikata ni ile ya kuishi baada ya bomu. Ya kabla ya bomu haikuguswa. Anayeyachanganya haya mawili anadai mwisho wenye faraja, shujaa aokoke, mbegu ichipue, na faraja hiyo ingemrudisha mtazamaji kwenye kile kijitabu. Mtu anayedhani vita hivi vinavumilika hana haraka ya kuvizuia.

Kuhusu watoto kuonyeshwa filamu hizi, wapinzani wana haki, na sioni cha kubishia. Mtoto wa miaka minane hana kura wala sauti. Atabaki na ndoto mbaya tu.

Lakini huruma kwa mtazamaji nayo ichunguzwe inatoka wapi. Mwaka 1965 Peter Watkins aliitengenezea BBC filamu iitwayo The War Game, kuhusu shambulio la nyuklia katika eneo la Kent. BBC ikakataa kuirusha, ikisema inatisha mno kwa televisheni. Ikaishia kwenye kumbi za sinema, ikapata Oscar mwaka 1967, na televisheni haikuionyesha hadi Julai 1985. Kabla ya uamuzi ule, maofisa wa juu wa serikali walialikwa kuitazama. Sidhani waliitwa kwa ajili ya afya ya akili ya bibi anayeishi peke yake huko Kent. Nchi ilikuwa na sera ya silaha hizo, na filamu ilionyesha sera ikishindwa inafika wapi.

Ninachowalaumu nacho waongozaji hawa ni ufinyu wa ramani yao. Ukiwafuata, dunia nzima ni Kansas na Sheffield. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo, na katika filamu hizi hata kivuli chao hakipo. Mei 1984, katikati ya filamu hizi mbili, Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina walitoa wito kwa mataifa yenye silaha hizi yasitishe kuzijaribu na kuzitengeneza. Hoja yao ilikuwa kwamba vita hivyo vitawaua hata wasiohusika.

Sayansi imekuja kuwaunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita vya nyuklia kati ya Marekani na Urusi vinaweza kuwaua zaidi ya watu bilioni 5 kwa njaa, wengi wao katika nchi zisizoangukiwa na bomu lolote. Mwaka huo huo vita vya Ukraine, visivyo vya nyuklia, vilitosha kupandisha bei ya unga wa ngano na mafuta ya kula Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo mtazamaji wa huku anayeona hayo ni mambo ya Wazungu anaweza kuuruka mlipuko wa Threads akipenda. Aanzie pale mvua inaponyesha na mahindi hayaoti.